UZI: "Si alikuwa amelewa?" Pombe, akili na kosa mbele ya sheria ya Kenya

Wadau, leo naacha mambo ya kura kidogo. Kuna sentensi moja inarushwa kwenye mikutano, kwenye redio za asubuhi na hapa kwetu kila jambo baya likitokea: "Alikuwa amelewa." Kuna wanaoitumia kuomba msamaha. Kuna wanaosema sheria yetu inawalea walevi, kwa hivyo adhabu ziongezwe na baa zifungwe zote. Mimi si wakili, nasoma siasa. Lakini kifungu chenyewe nimekisoma, na ni kifupi kuliko kelele zake.

Sitaji mtu wala chama. Mkileta majina kwenye majibu nitayapita tu.

Naanza na kisa cha nyumbani, kwa sababu bila hicho nisingejali hii mada.

Mwaka wa 2015 kulikuwa na ule msako mkubwa wa pombe eneo la kati. Mnaukumbuka. Viongozi walikuwa mbele, vijana nyuma, mitungi ikapasuliwa, pombe ikamwagwa mitaroni, na kamera zilikuwa hapo. Nilikuwa darasa la sita. Mjomba wangu alikuwa mnywaji wa kila siku, wa miaka mingi, yule mtu anaamka na "kutoa lock" kabla ya chai. Wiki hiyo hakukuwa na pa kunywa kwetu kijijini. Siku ya kwanza alitetemeka mikono, akatokwa jasho, akakosa usingizi. Shosho akafurahi, akasema pombe inamtoka.

Usiku wa tatu akaanza kuona siafu wakitoka ukutani. Akasema kuna askari juu ya mabati. Ndugu yake mdogo akaingia kumtuliza, na Mjomba akamkata mkono kwa panga. Mtu aliyekuwa amembeba huyo ndugu mgongoni akiwa mtoto! Wazee wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe. Wengine wakasema amerogwa, wengine waitwe watu wa maombi. Jirani mmoja, nesi, alikuja akauliza swali moja tu: "Mara ya mwisho alikunywa lini?"

Tukamjibu: siku tatu zilizopita. Akasema apelekwe hospitali sasa hivi, si kesho.

Shikeni hapo. Mtu mwenye hatari kubwa zaidi katika boma lile, na hatari hiyo ilitoka kwa pombe, hakuwa na tone la pombe mwilini. Hiyo ndiyo sababu neno "amelewa" halitoshi. Ndani yake kuna hali tano sita tofauti, na sheria inazitendea tofauti.

Sasa sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ilianza kutumika 1930 enzi za mkoloni. Kifungu cha 13 kinaanza na mlango uliofungwa: ulevi si utetezi kwa kosa lolote, isipokuwa kama kifungu chenyewe kinavyosema. Kwa hivyo yule anayesimama jukwaani na kudai Kenya mlevi anasema tu "nilikuwa tilalila" halafu anaenda nyumbani, hajakisoma.

Halafu kinafungua milango miwili midogo. Kwa yote miwili lazima kwanza uwe hukujua unachofanya, au hukujua kwamba ni kosa. Si kwamba "nilichangamka". Si kwamba "singeweza kufanya hivyo nikiwa mzima". Hukujua kabisa.

Mlango wa kwanza ni kulevya bila ridhaa yako, kwa ubaya au uzembe wa mtu mwingine. Mnajua "mchele" wa Nairobi. Ukiwekewa dawa kwenye kinywaji, akili ikaruka, ukafanya kitu bila kujua, sheria inasema uachiliwe. Waliosoma sheria wanaweza kubishana kuhusu mtu aliyenunua chupa yenye lebo dukani kumbe ndani imetiwa methano. Nadhani kwa maneno ya kifungu hoja ipo, maana uzembe wa muuzaji umetajwa waziwazi.

Mlango wa pili ni kwamba pombe ilikufanya uwe mwendawazimu wakati huo, "kwa muda au vinginevyo". Huo ndio wenye utata, na uzi huu kwa kweli ni juu yake.

Lakini kabla sijaingia, kuna kipengele cha nne, ambacho wanasiasa hawakigusi kwa sababu hakifai kwenye jukwaa. Kinasema mahakama izingatie ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia ambayo kosa linahitaji. Mauaji ya kifungu cha 203 yanahitaji nia: kukusudia kuua au kudhuru vibaya, au kujua kwamba kitendo chako kinaweza kufanya hivyo. Kama mtu alikuwa amelewa kiasi kwamba nia hiyo haikuundika, anaweza kupatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Hiyo bado inaweza kumpa kifungo cha maisha. Hajaachiliwa. Ameshuka ngazi moja.

Na mzigo hapa haumwangukii mlevi. Nia ni ya upande wa mashtaka kuthibitisha, kama ilivyo kwa kila kitu kingine. Ukidai wazimu, hapo ndipo mzigo unahamia kwako, ingawa hutakiwi kuthibitisha kwa kiwango kile cha mashtaka. Unatakiwa tu kuonyesha kwamba yaelekea ndivyo ilivyokuwa.

Mtu atauliza: si basi mtu anakunywa kwanza ndiyo aue, halafu aseme hakuwa na nia? Swali zuri, na limeshajibiwa. Ireland ya Kaskazini, mtu aliyeitwa Gallagher aliamua kumuua mkewe. Akanunua kisu, akanunua na chupa ya wiski, akainywa, akamuua. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na mwaka wa 1961 ikaamuliwa kwamba huwezi kupanga ukiwa mzima, ukajipa ujasiri kwa chupa, halafu ukajificha nyuma ya chupa hiyohiyo. Nia ilishaundwa kabla ya kizibo kufunguliwa. Kesi za Uingereza hazitufungi, lakini mahakimu wetu huzisoma, na kifungu chetu kimetoka kwa ukoo huohuo.

(Kuendesha gari ukiwa mlevi ni hadithi nyingine. Hapo ulevi wenyewe ndio kosa, usiniletee nia.)

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni "sikumbuki". Mtu anasimama kizimbani, anasema hakumbuki lolote, na mitandao inawaka: anadanganya! Au kinyume: maskini, hakujua! Yote mawili yanaweza kuwa si kweli. Pombe nyingi kwa haraka huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mtu anaongea, anabishana bei ya boda, anafungua kufuli ya nyumba yake vizuri, na kesho hana picha hata moja ya usiku huo. Alikuwa akijua anachofanya kila dakika. Kilichokosekana ni rekodi. Kwa hivyo kusahau si ushahidi kwamba hukuwa na nia, na pia si ushahidi kwamba wewe ni mwongo.

Sasa turudi kwa mlango wa pili. Kuna dai ambalo mmelisikia: "Yeye akinywa kidogo tu anageuka mnyama. Glasi moja." Hili dai lina historia ndefu kuliko mnavyodhani. Karne ya 19 madaktari wa akili wa Ujerumani na Austria, Krafft-Ebing akiwa miongoni mwao, waliandika juu ya ulevi wa kiugonjwa: mtu anakunywa kiasi ambacho kwa mwingine si kitu, ghafla anachanganyikiwa, anashambulia kwa ukali usio wa tabia yake, halafu analala usingizi mzito na kuamka bila kumbukumbu. Mwaka wa 1935 daktari wa Uswisi, Hans Binder, akagawa ulevi mara tatu: wa kawaida, wa kupindukia, na wa kiugonjwa. Mgawanyo huo ulipata nguvu sana Japani, ambako ulitumiwa mahakamani kama ngazi: wa kwanza anawajibika kikamilifu, wa pili nusu, wa tatu hawajibiki.

Unaona jinsi hiyo ngazi inavyovutia? Jaji ana kesi ngumu, daktari anampa visanduku vitatu. Shida ni kwamba visanduku vikiwa safi hivyo, kila wakili anataka mteja wake aingie cha tatu.

Na madaktari wenyewe wakaanza kusitasita. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM, uliiweka hali hiyo kwenye toleo la 1980, kisha toleo la 1994 likaitoa, kwa sababu ushahidi kwamba ni ugonjwa wa peke yake haukutosha. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka miaka hiyohiyo ya 90, ICD-10, ikaibakiza. Kwa hivyo kwa muda mrefu jibu la "je, huu ugonjwa upo?" lilitegemea kitabu gani kiko mezani. Mkisikia mtu akitumia maneno "ulevi wa kiugonjwa" kana kwamba ni kama malaria, kipimo kimoja na majibu, tulieni kwanza.

Maoni yangu: wengi wa hao wa "glasi moja" wana kitu kingine chini yake. Jeraha la zamani la kichwa. Kifafa. Dawa ambazo hazichanganyiki na pombe. Sukari iliyoshuka, ambayo peke yake inaweza kumfanya mtu ayumbe, aongee ovyo na apige watu bila pombe yoyote. Hapa nawaomba mnisikie: mtu wa kisukari akishikwa barabarani akiyumba, kosa la kumwita mlevi na kumtupa seli linaweza kumuua kabla ya asubuhi.

Kuna wazo moja la Wamarekani ambalo mimi nalipenda. American Law Institute iliandika sheria ya mfano mwaka wa 1962, na ndani yake ulevi wa kiugonjwa unatambuliwa kwa masharti mawili: athari iwe kubwa kupita kiasi ukilinganisha na kilichonywewa, na mhusika awe hakujua kwamba mwili wake uko hivyo. Angalia sharti la pili. Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya pili ulikuwa unajua, na ukanywa. Kanuni yetu haina hayo maneno. Mtu wa aina hiyo hapa Kenya lazima apitie mlango wa wazimu, au ajitetee kwenye nia. Kama bunge lingetaka kurekebisha kitu kwenye kifungu cha 13, mimi ningeanzia hapo, si kwenye kuongeza miaka.

Sasa Mjomba. Alichokuwa nacho kinaitwa deliriamu tremensi. Vijana wa Pwani wana neno arosto kwa mtu anayekatikiwa na dawa. Hii ni arosto ya pombe katika kiwango chake cha mwisho. Ubongo umezoea pombe miaka mingi, umejipanga upya kuishi nayo. Ukiiondoa ghafla, ubongo unabaki umekanyaga mafuta bila breki. Kutetemeka huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili. Deliriamu yenyewe kwa kawaida huja kati ya siku ya pili na ya nne: mtu haelewi yuko wapi, anaona wadudu, anasikia askari, joto linapanda, moyo unakimbia. Bila matibabu inaweza kuua. Hospitali humpa dawa za kutuliza ubongo kama diazepamu, maji, na vitamini B1. Siku kadhaa baadaye anaweza kuwa amekaa kitandani anauliza chai.

Sheria ilishakutana na mtu kama huyu. Newcastle, Uingereza, 1881, mtu aliyeitwa Davis alimjeruhi shemeji yake. Alikuwa mnywaji mkubwa, lakini siku hiyo alikuwa mzima, hakulewa. Jaji Stephen aliwaeleza wazee wa baraza kwamba ulevi ni jambo moja, na magonjwa yanayoletwa na ulevi ni jambo jingine. Ulevi si udhuru, ila kama kunywa kumezaa ugonjwa wa akili, hata wa muda, huo ni wazimu kama wazimu mwingine. Davis hakupatikana na hatia, kwa sababu ya wazimu.

Kwa hivyo kama ndugu yake Mjomba angekufa usiku ule, swali la "alikuwa amekunywa kiasi gani?" lingekuwa swali la kijinga. Jibu ni sufuri. Angesimama kwenye kifungu cha 12, kile cha ugonjwa unaoathiri akili, na pengine kipengele cha wazimu cha kifungu cha 13.

Lakini angethibitisha vipi? Hapa ndipo mimi hukasirika. Kenya, mshukiwa wa mauaji hupelekwa kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka. Kipimo hicho kwa kawaida kinajibu swali moja: je, leo anaweza kuelewa mashtaka? Deliriamu huisha baada ya siku chache. Mtu akipimwa baadaye, daktari anaona mtu mtulivu, anayejua jina lake, siku na mahali. Anaandika: yuko sawa. Na kwa leo yuko sawa kweli. Halafu miaka ikipita kesi inasikilizwa, karatasi hiyo inaonekana kama inasema alikuwa sawa hata usiku ule. Ushahidi wa usiku wa tatu ungekuwa joto la mwili, mapigo ya moyo, jasho, mtu aliyemsikia akiongea na siafu. Nani aliandika? Kwenye kesi ya mtu mwenye pesa, wakili huita daktari mapema. Kwenye kesi ya mtu wa kibarua, aliyeona ni mahabusu wenzake, na hakuna anayewauliza.

Na hata akishinda, msidhani anaenda nyumbani. Uamuzi wenyewe, kwa kifungu cha 166 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, umekuwa ukisomeka "ana hatia lakini ni mwendawazimu", halafu mtu anawekwa kizuizini akisubiri amri ya Rais. Hakuna tarehe. Majaji wa Mahakama Kuu wamekosoa utaratibu huo zaidi ya mara moja, wakisema haupatani na Katiba ya 2010. Aliyefungwa kwa kuua bila kukusudia anajua mwaka wake wa kutoka. Huyu "aliyeachiliwa na sheria inayolea walevi" hajui.

Kitu kingine nitakisema haraka kwa sababu kinanikera. Watu walewale wanaosema "maskini, ni pombe" mwanaume akishtakiwa kwa ubakaji, ndio wanaouliza "na yeye alikuwa anakunywa nini huko?" msichana akiwa ndiye aliyelewa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeliweka kinyume cha hapo. Mtu ambaye akili yake imezidiwa na pombe hahesabiwi kuwa ametoa ridhaa. Ulevi wa aliyeumizwa haumpunguzii aliyeumiza kitu.

Sasa siasa yenyewe. Kila baada ya vifo vya pombe yenye sumu, au msimu wa kura ukikaribia, tunapata msako. Siupingi msako wa pombe yenye methano, watu wamepofuka na kufa. Ninachouliza ni swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa kwenye mdahalo hata mmoja: siku mnapomwaga mitungi, vitanda viko wapi? Mkimkatia ghafla mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka 15, mmeanzisha saa. Saa 48, saa 72. Kijijini kwetu hakuna aliyekuja siku ya tatu, kamera zilikuwa zimeshaondoka. Dawa za kumtoa mtu taratibu si za ajabu. Hospitali ya kaunti inaweza kuwa nazo, nesi anaweza kufundishwa dalili kwa asubuhi moja. Mkipewa maikrofoni na mgombea wa ugavana, muulizeni hilo badala ya "utafunga baa ngapi".

Nimepata ujumbe kadhaa wakati naandika, wa kwanza kutoka kwa dada ambaye kaka yake alishikwa Jumamosi na leo ni Jumatatu. Namjibu hapa ili wengine pia waone. Nenda kituoni sasa. Usiseme "ni mlevi", utafukuzwa. Sema: "Anakunywa kila siku, hajanywa tangu Jumamosi, anatetemeka na anaona vitu, anaweza kupata degedege." Omba apelekwe hospitali. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na seli haikifuti hicho. Wakikataa, omba kumwona OCS mwenyewe. Na uhakikishe saa aliyokunywa mara ya mwisho imeandikwa kwenye OB, na ukishaiona imeandikwa, chukua namba ya OB uondoke nayo.